Kidole cha Kanali Tarpley

Naapa kwamba kila neno nitakaloliandika hapa ni kweli tupu. Mkono mmoja unaandika na mwingine umelala juu ya kitabu kinene cheusi chenye kurasa za kingo za dhahabu, kwa hiyo usiniletee wasiwasi wako. Nikipatikana na uongo hata wa ukubwa wa yai la chawa, nitawanunulia kambare wa kukaanga watu wote waliokaa kwenye kibaraza hiki. Arletha, ambaye kibaraza ni chake na kikaango ni chake, amenisikia nikisema hivyo na amecheka kwa pua. Kila akimaliza kugeuza samaki anakuja kunisomea begani. Acha asome. Yeye alisomeshwa shule. Mimi kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti yaliyoachwa kwenye kiti changu, na sijaona bado alichonizidi zaidi ya mwandiko.

Nilikuwa kinyozi hapa Hickory Bluff, Alabama, tangu vita vya Kaskazini na Kusini vilipokwisha mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Niliwanyoa wazungu. Mbele ya kinyozi mweusi mzungu husema chochote, kama anavyosema mbele ya kabati. Asichokisema yeye, mpishi wake atakuja kukisema jioni mlango wa nyuma. Kwa hiyo nikikueleza yaliyosemwa chumbani kwa Kanali Tarpley, usiniulize nilikuwa nimejificha wapi.

Kwanza, Erasmus Tarpley hakuwa kanali. Kwetu wakili yeyote aliyeota kitambi aliitwa kanali, na akiota cha pili alianza kuitwa jenerali. Vita vyote vile alivipigana akilinda ghala la chumvi, na hata hiyo chumvi ilipungua. Alikuwa wakili, alikuwa mwanasiasa, na Mungu atusamehe sote, alikuwa mwandishi.

Kitabu chake kiliitwa Nguzo za Heshima ya Kusini. Kilikuwa kizito kama tofali na kilisomeka kama tofali. Kilichapishwa mjini Mobile kwa urithi wa mkewe, Bibi Drusilla, ambao ulikuwa ndio pesa pekee nyumbani mle. Walionunua walikuwa wawili, na mmoja alikirudisha. Vilivyobaki vilijaa ukumbini ndani ya masanduku mpaka mgeni akawa anapita upande upande kama kaa. Kuku mmoja mwekundu alikuwa akitagia kwenye sanduku la dirishani, na mpishi wao, Keziah, alisema hicho ndicho kitu cha faida kilichowahi kutoka kwenye kitabu kile.

Na sasa nikuambie kuhusu kubusu. Siku zile mahakamani shahidi hakuapa kwa kuweka mkono tu. Aliishika Biblia, akabusu jalada, ndipo akasema. Watu wetu waliogopa sana kusema uongo juu ya busu lile, kwa hiyo wajanja walibuni dawa: unashika Biblia, unainua kidole gumba juu ya jalada, unabusu kidole chako mwenyewe. Hapo hujaapa. Unaweza kusema uongo mpaka mbuzi warudi zizini, na kaburini utalala salama.

Kanali Tarpley alipata jina kwa kuwakamata watu wa namna hiyo. Shahidi akiinama tu, yeye alisharuka kitini: "Kidole! Mheshimiwa Jaji, amebusu kidole!" Mahakama nzima hucheka, shahidi huona aibu, kesi hupotea. Wakulima maskini, wazungu kwa weusi, walikuwa wakifika mahakamani wameficha vidole gumba ndani ya ngumi.

Yeye mwenyewe aliogopa kuliko wote. Mama yake alimwambia utotoni kwamba anayedanganya baada ya kubusu Kitabu huanza kuoza midomo, na akamwonyesha mjomba mmoja mwenye kidonda mdomoni. Kila nilipomnyoa alinisihi, "Zebulon, mdomo, taratibu, usinikate mdomo." Hata hivyo mahakamani aliibusu Biblia kama mtu anayefyonza pichi, kisha akaongopa hadi jasho likamtoka karani aliyekuwa akiandika. Hilo lilinisumbua akili kwa miaka.

Biblia yenyewe alikuwa ameitoa yeye. Ile ya zamani ilipotea wakati wa vita. Kanali akaleta nyingine, nyeusi, kubwa, imefungwa utepe mwekundu msalaba kwa msalaba na kupigwa muhuri wa nta. Alitoa hotuba akisema utepe ni wa kuzuia mikono michafu isiguse neno takatifu. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyeomba kuifungua. Mahakamani kwetu nani alikuja kusoma Biblia?

*

Mwaka alioamua kugombea ubunge wa Washington, watu wa reli walikuwa wakitafuta mahali pa kujenga stesheni, nao wakakipenda kiwanja cha kule kijitoni. Kwenye kiwanja hicho palikuwa na nyumba ya Keziah, bustani yake ya kabeji na kaburi la mumewe.

Kanali alimwita asubuhi, wakati anakula. Hata hakuacha kutafuna.

"Shangazi Keziah, pale kijitoni utaondoa vitu vyako kabla ya Jumamosi."

Shangazi. Mzungu wetu asingemwita mwanamke mweusi Bibi hata ukimning'iniza miguu juu, kwa hiyo alimfanya ndugu.

"Vitu vyangu ni nyumba, Kanali," Keziah akasema. "Nyumba haipandi mkokoteni."

"Nyumba iko kwenye ardhi yangu."

"Ulinipa. Mwaka ule wa njaa, umekaa hapo hapo ulipokaa, unakula viazi vyangu nilivyovichimba mimi. Ukasema, Keziah, sina cha kukulipa, usituache, kiwanja cha kijitoni ni chako na wanao. Bibi Drusilla alikuwepo. Alikuwa anamenya njegere."

"Nilisema utakaa. Kukaa si kumiliki. Ndiyo maana watu tunasomea sheria."

"Na mimi nilipika tangu siku hiyo mpaka leo. Tumbo lako halikuwahi kuniambia kula si kumiliki."

"Usinipandishie sauti, Shangazi. Mchuzi umebaki?"

Keziah alimmiminia mchuzi. Alinieleza jioni, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: kwamba mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye sufuria, ukammiminia.

Kesho yake alivaa kofia yake ya kanisani akaenda kwa Jaji Purvis kushtaki. Mji mzima ulicheka. Mawakili walimfungia milango. Lakini Jaji Purvis alikuwa na shemeji, Bwana Hobart Lyle, mwenye duka, naye alikuwa akigombea kiti kile kile dhidi ya Kanali. Jaji aliipokea kesi kwa upendo mkubwa. Usifikiri ni haki iliyomsukuma. Haki ingemkuta jaji yule njiani, angeiuliza ni binti wa nani.

*

"Utasema hukusikia," Kanali alimwambia mkewe usiku huo, akivua soksi.

"Nilisikia," akasema Bibi Drusilla.

"Mpenzi, sikiliza. Yule mwanamke atasimama mbele ya watu aseme ulikuwa jikoni. Ukimenya njegere. Kwa mikono yako."

 Sasa mjue mwanamke huyu. Alilelewa hawezi hata kujimiminia maji, na mwaka wa njaa ulipomlazimisha kumenya njegere alivaa glavu. Kufa angekufa, lakini si njegere zile kutajwa hadharani.

"Mimi sijawahi kukaa jikoni," akasema polepole.

"Bila shaka."

"Basi sikusikia."

"Huyo ndiye niliyemwoa," Kanali akasema. Akalala.

"Erasmus. Piano yangu itarudi lini?"

Piano ilikuwa ya marehemu mama yake. Wanaume walikuja kuichukua wakati yeye yuko kanisani, na Kanali alimwambia imepelekwa Mobile kurekebishwa sauti.

"Karibuni, mpenzi. Fundi amesema ni kazi ya subira."

Ukweli ni kwamba piano iligeuzwa wiski, na wiski ilikwisha kumwagwa kooni mwa wapiga kura wa bonde zima. Waliinywa, wakamshukuru, wakaendelea kumdharau.

*

Asubuhi ya kesi nilimnyoa Kanali mimi mwenyewe. Alitaka aonekane kijana, msafi, mtu wa kupigiwa kura.

"Toa zote, Zebulon. Ndevu na sharubu."

"Na sharubu, Kanali? Watu watakutambua kweli?"

"Watu wanatambua heshima, si nywele."

Nikazitoa. Chini yake ulitokea mdomo mdogo mwekundu kama wa mtoto aliyenyimwa sukari. Nikafunga kibanda, nikakimbilia mahakamani, nikapanda roshani ya juu tulikokaa watu weusi. Palijaa hadi ngazini.

Kwenye ngazi za nje, mke wa Bwana Lyle alimshika Bibi Drusilla mkono, anacheka meno yote.

"Drusilla, shoga yangu, hata sijakushukuru! Binti yangu anaipiga piano yako kutwa kucha. Ina sauti! Mume wangu aliipata kwa bei ya kutupa, nami nikamwambia, jamani, Drusilla si angalau angekuja kuiaga?"

Bibi Drusilla alisema, "Karibuni sana," kwa sauti ya mtu aliyemeza kijiko. Akaingia, akakaa, hakumwangalia mumewe.

Keziah aliitwa kwanza. Aliinama, akaibusu Biblia kwa midomo yote.

"Kidole!" Kanali akaruka.

"Si kweli," Keziah akasema.

"Mheshimiwa Jaji, nimeona. Huu ndio mchezo wao."

"Rudia, Shangazi," Jaji akasema. "Na mikono uiweke nyuma."

Akarudia. Mikono nyuma, kama mfungwa, karani amemshikia Kitabu usoni kama anayemlisha ng'ombe. Watu wa chini walicheka. Sisi juu hatukucheka. Kisha akayasema yale yale uliyoyasoma, bila kuongeza wala kupunguza, na alipofika kwenye njegere, wanawake wa mjini waligeuza shingo zote pamoja kumtazama Bibi Drusilla. Akawa mwekundu hadi masikioni.

Kanali alifuata. Akaibusu Biblia kwa mlio. Akaapa kwamba hakutoa kiwanja, hakuahidi kiwanja, na kwamba viazi hajawahi kuvipenda.

"Nina shahidi," akasema. "Mke wangu. Mwanamke ambaye midomo yake haijawahi kutamka uongo."

Kama sheria iliruhusu mke kumtolea mumewe ushahidi, sijui. Kwetu sheria ilikuwa ile aliyoikumbuka Jaji asubuhi hiyo. Bibi Drusilla alisimama, akavua glavu, akakishika Kitabu. Akakiinamia. Akasita. Akakigeuza pembeni, akapitisha kidole kwenye pembe ya jalada.

"Hii si Biblia," akasema.

"Samahani, Bibi?" Jaji akainua kichwa.

"Drusilla," Kanali akasema, "busu Kitabu."

"Ngozi hii niliichagua mimi, Mobile, kwa pesa ya marehemu baba yangu. Haya majani ya mzabibu pembeni niliyachora mimi mwenyewe ili mchapishaji ayagandamize. Mheshimiwa Jaji, vitabu hivi vimejaa ukumbini kwangu, kuku wanavitagia. Nimelala na mwandishi wake tangu nikiwa msichana. Na kukibusu tena, hapana. Hilo ni kunionea."

Nilicheka mpaka nikamshika mtu nisiyemjua. Jaji alikata utepe kwa kisu cha kukatia tumbaku, akafungua, akampa karani.

"Soma."

Karani akakohoa. "Sura ya kwanza. Juu ya usafi wa damu za wakuu wa Kusini, na jinsi neno la muungwana linavyotosha pasipo kiapo."

Ndipo nilipoelewa lile lililonisumbua miaka yote. Alikuwa anajibusu mwenyewe! Hakuwa amewahi kuapa hata mara moja. Sisi wengine wote, wanyonge wa wilaya nzima, tulikuwa tunatetemeka mbele ya kitabu cha kuku, na yeye peke yake alijua.

Pale roshani mwanamke mmoja alisimama, Lovie, ambaye kaka yake alifungwa kazi ngumu kwenye migodi ya makaa ya mawe kwa ushahidi ulioapwa juu ya kitabu kile.

"Jaji, kaka yangu je?"

"Kaa chini," Jaji akasema.

"Waliapa juu ya hicho."

"Nimesema kaa chini. Mahakama inasikiliza kesi moja tu."

Akakaa. Hakuna mgodi uliomrudisha mtu kwa ajili ya siku ile. Niliona nilitaje hilo hapa, maana wazungu wakikisimulia kisa hiki huishia kwenye kicheko.

Mchungaji aliagizwa alete Biblia ya kanisani, iliyo ng'ambo ya barabara. Ilikuwa imechakaa, mgongo umefungwa kwa uzi wa viatu. Ikawekwa mbele ya Kanali.

"Rudia kiapo, Erasmus," Jaji akasema, akimtupia jicho shemeji yake. "Maneno yale yale."

Kanali aliishika. Uso ulimpauka. Nilimwona anamwona yule mjomba mwenye kidonda. Sharubu zake zilianza kutetemeka, upande mmoja kwanza, kisha wa pili, zikalegea kama mkia wa mbwa aliyemwagiwa maji. Akainama. Akainua mkono kidogo. Akabusu.

"Kidole!"

Ilikuwa sauti ya Keziah. Na kabla Jaji hajagonga nyundo yake, roshani nzima ilipokea, na chini wakapokea, wakulima wote aliowaaibisha, wazungu kwa weusi, mara moja tu katika maisha yangu wakisema neno moja: "Kidole! Kidole! Kidole!"

"Mikono nyuma, Kanali," Jaji akasema.

Alipeleka mikono nyuma. Karani alimsogezea Biblia usoni. Midomo ikafika karibu, ikarudi. Ikafika tena, ikarudi. Nzi angeweza kutua katikati, na mmoja alitua.

"Nadhani," Kanali akasema, "nimekumbuka jambo."

"Umekumbuka nini?"

"Huenda niliahidi. Kwa moyo wangu wa ukarimu. Mtu mkarimu husahau anachotoa."

"Kiwanja ni cha nani?"

"Cha Shangazi Keziah."

"Sikukusikia," Keziah akasema. "Roshani nayo haikusikia."

"Cha Keziah!" akafoka, na alipofoka mate yalimtoka.

*

Ukidhani alishindwa uchaguzi, huwajui wapiga kura wetu. Alizunguka akisema: ni mgombea gani mwingine anayeiogopa Biblia kiasi hiki? Wakampa kura kwa furaha. Alikwenda Washington, akakaa huko miaka, na hakuna alilolifanya isipokuwa kuandika kitabu cha pili. Bibi Drusilla hakuipata piano yake. Kila Jumapili alimsikia binti wa Lyle akiikosea. Keziah hakurudi jikoni kwao, na wanasema njaa ndiyo iliyomfundisha Bibi kumenya njegere bila glavu. Reli ilijenga stesheni yake kwingine.

Hapo nilikusudia kufunga. Lakini Arletha amekuja na uma wake wa samaki, amesoma kurasa zote, na hajasogea.

"Babu Zeb. Bibi yangu alisimama mahakamani akiwa na mikono nyuma, hilo nilijua. Ila nieleze kuhusu sharubu."

"Sharubu zipi?"

"Hizi zilizotetemeka. Umezinyoa asubuhi, mwenyewe, hapa juu umeandika. Mchana zinalegea kama mkia wa mbwa. Zimeota njiani?"

Kibaraza kizima kilinigeukia.

"Kuna watu ndevu zao zina nguvu," nikasema.

"Basi apa."

"Nimeshaapa, mwanangu. Tangu mwanzo mkono wangu uko juu ya kitabu."

"Hicho tunazuilia mlango! Bibi alikiokota kwenye takataka za mahakama siku ile ile. Na mzabibu wake pembeni unaonekana. Ngoja."

Aliingia ndani, ndani ya nyumba ile ile ya Keziah, akatoka na Biblia ya familia akaiweka magotini kwangu, imefunguka jalada, ina harufu ya kabati. Watu wamesogeza viti. Nimeishika. Nimeinama taratibu, kama mzee anayeumwa mgongo, nikiufunika mkono kwa ukingo wa kofia.

"Kidole, Babu," akasema Arletha.

Nimenyoosha mgongo, nimeingiza mkono mfukoni.

"Haya," nikasema. "Nani hapa hajala?"